Maembe ya Jumbe Bwanali

Kila asubuhi Pili alimwamkia mtu aliyemnyongesha mumewe.

"Shikamoo, Jumbe," alisema, akipiga goti kidogo. Bwanali, amejimwaga kitini barazani, aliitika, "Marahaba, Mama Sijaona," bila hata kugeuza shingo. Kisha Pili alichukua jembe na tenga, akaingia chini ya miembe ambayo, kama dunia ingekuwa na haki, ingekuwa yake.

Haki! Masasi nzima ilijua miembe ile ni ya nani. Mzee Haji ndiye aliyeyabeba makokwa kutoka Lindi enzi za misafara, akayapanda chini ya jabali. Mwanawe Halfani, mumewe Pili, akaitunza miti ile mpaka watu wakawa wanatoka Newala kuja kununua. Halafu ikaja vita ya maji. Vita ilipokwisha, Wadachi wakawa wanatafuta watu wa kunyonga, na ndipo aliposhuka huyu Bwanali kutoka Chilangala, rugaruga wao, askari wa kukodiwa, njaa imemtoa macho. Akaitazama miembe. Akamtazama mwenye miembe. Akanyoosha kidole: "Na huyu naye kayanywa maji."

Maji gani, jamani? Halfani hata hakuyaona. Lakini kamba haiulizi. Bwanali akapewa ujumbe, na shamba akajipa mwenyewe. Wadachi walipouliza, akasema ni miembe ya babu yake, maana mali ya mwasi ilikuwa mali ya serikali, na yeye hakuwa na nia ya kugawana na serikali. Ana uso mkavu mtu yule, lo!

Watu walimwogopa. Wazee walimnong'oneza Pili, "Vumilia, mama. Siku Bwanali akiondoka, shamba ni lako na mwanao." Pili hakuwa mtu wa kuvumilia. Alikwenda kumwomba Bwanali kibarua cha kutunza miti, na Bwanali akampa, tena kwa raha, kwani kuna utamu gani unaouzidi ule wa kuamkiwa na mjane wa adui yako? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini Bwanali wahenga aliwaona wajinga.

Sasa, adui wa embe si popo wala nyani. Ni nzi. Mdogo, wa manjano, mabawa yake yana madoa, ukimwona hutamdhania ubaya. Huyo hulidunga embe likiwa bado gumu, akatia mayai ndani, akaenda zake. Nje huoni kitu ila kitundu kama cha sindano. Ndani funza wanakula. Embe likianguka, funza hutoka, huingia udongoni, hujifunga katika ganda kama punje ya uwele, na baada ya siku kadhaa hutoka humo nzi mpya, kiumbe kamili, na kazi inaanza tena. Ndiyo maana Halfani hakukubali embe lililoanguka lilale chini. Aliyaokota yote kabla jua halijapanda, akayatia katika shimo la kufika mapajani, akamwaga majivu, akashindilia udongo kwa mchi. Na kuku aliwaachia wachakure chini ya miti kutwa, wadonoe zile punje.

Pili aliyajua hayo yote, na aliyafanya yote kinyume.

Alichimba vishimo vya kina cha kiganja, akayalaza humo maembe yaliyooza kama mtu anayepanda mbegu, akatupia majani makavu juu. Bwanali alipopita aliona chini pamefagiwa, pameng'aa, akasema, "Wewe mwanamke una mkono." Kuku walipoanza kufukua, Pili alikwenda barazani na sura ya huruma. "Jumbe, hawa kuku wanaumiza mizizi." Basi Jumbe akawala. Mmoja leo, mmoja kesho, na mifupa akamtupia Pili akaitupe. Pili aliitupa huku akiimba moyoni.

Msimu wa pili ulipokaribia, ikaja habari kwamba Bwana Mkubwa atapita Masasi akienda boma la Newala. Bwanali akavimba. Alitaka uakida, cheo cha juu ya ujumbe, na alisikia yule Mdachi anapenda maembe kuliko watoto wanavyoyapenda. Alitaka kuyachuma mapema, yaivie ndani ya majani ya migomba. Mungu apishe mbali! Yakichumwa mapema, nzi wengi wangeyakosa.

"Yaache yaivie mtini, Jumbe," Pili alisema. "Mzungu apate utamu wenyewe."

"Kweli wewe una akili, Mama Sijaona."

Yakaachwa mtini, mekundu, yananukia shamba zima, na nzi wakafanya karamu.

Aliyemshtukia ni bintiye. Sijaona alikuwa msichana mkubwa, wa kuposwa wakati wowote. Siku moja alifukua majani makavu kwa mguu, akakuta vishimo, akaelewa pale pale.

"Mama, miti hii ni yetu. Unafuga nzi ndani ya nyumba yetu wenyewe!"

"Nzi nitawatoa. Misimu miwili ya mashimo marefu, na kuku, wamekwisha. Kwanza atoke yule."

"Na ikiharibika?"

"Haiharibiki."

"Mimi sina baba, Mama," Sijaona alisema. "Nina miti tu. Usiichezee."

Pili alimwambia akachote maji.

Bwana Mkubwa alifika na askari wake, ndevu zina vumbi, jua limemchoma pua. Akawekewa meza kivulini mbele ya watu wote, na Bwanali, kanzu mpya mwilini, akaleta sinia la maembe kwa mikono yake mwenyewe. Mdachi akachukua moja, akaling'ata kwa pupa bila kulikata. Akatafuna. Akameza. Akatabasamu. La pili akalikata kwa kisu kidogo, kistaarabu, na hapo ndipo alipoona. Funza walilizunguka kokwa zima, weupe, wanajinyonganyonga, na mmoja wao, maana funza wa nzi yule huruka, akaruka akatua juu ya mkono wake.

Ya Rabi! Yule mtu alitapika mpaka kofia ikaanguka. Wakakata la tatu, la nne. Yote funza. Akapiga kelele kwa Kidachi, na Nurdini mkalimani, mwenyeji wa pale pale Masasi, akatafsiri huku midomo inamcheza: Bwana Mkubwa anasema ametiliwa dawa. Anasema ni yale yale mambo ya maji.

Bwanali akalazwa kifudifudi, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Pili alisimama mbele kabisa. Kila kiboko kilipotua, alikisikia kifuani kama maji baridi siku ya jua kali. Siwafichi: alifurahi, na hakuona haya.

"Ni nzi, Bwana!" Bwanali alilia. "Ni nzi tu! Muulizeni huyu mama, ndiye anayetunza. Mama Sijaona, dada yangu, sema!"

Bwana Mkubwa akamgeukia Pili. Nurdini akatafsiri taratibu, ili kila mtu asikie: "Kama ni nzi tu na una njia ya kuwamaliza, sema. Jumbe atabaki na ujumbe wake na miti itasafishwa. Kama ni dawa, Jumbe anakwenda Lindi na mnyororo shingoni, na miti yote itakatwa ichomwe."

Sijaona, aliyekuwa nyuma ya mama yake, alimshika mkono. "Mama," alinong'ona. "Sema ni nzi. Mwache yule abaki. Siku yake itafika."

Ukweli wote alikuwa nao mdomoni: shimo refu, majivu, kuku. Maneno matatu, na miembe ya Halfani ingesimama. Lakini Bwanali naye angesimama. Kesho asubuhi angekuwa kitini pale barazani, na yeye angepiga goti. Pili akakumbuka siku ile ya kunyongwa, Halfani alipomtazama Bwanali, akingoja aseme neno moja tu, na Bwanali akatazama pembeni.

"Mimi sijui mambo ya nzi, Bwana," alisema. "Ninachojua, miti hii ilipokuwa ya mume wangu Halfani, ambaye mlimnyonga, haikuwa na funza."

Nurdini akakwama. "Mama Sijaona, nitafsiri hivyo hivyo?"

"Tafsiri."

Akatafsiri. Uso wa Mdachi ukabadilika rangi. Mali ya mwasi, imefichwa, na juu yake uongo wa babu! Bwanali akavishwa mnyororo pale pale, damu bado inamtiririka. Walipompitisha mbele ya Pili, Pili aliinama akamwambia sikioni, "Ni nzi kweli, Jumbe. Niliwafuga mimi."

Bwanali akapiga ukelele, akataja jina lake, akaapa kwa Mungu na Mtume. Askari akampiga kitako cha bunduki, wakaenda naye. Pili akacheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu Halfani azikwe hakuwahi kucheka hivyo.

Alipogeuka, mashoka yalikwisha gawiwa. Bwana Mkubwa alikuwa ameamuru familia ya mwasi ianze, na la kwanza alikuwa amepewa Sijaona. Msichana alikuwa amesimama chini ya mwembe mkubwa, ule wa Mzee Haji, machozi yanamchuruzika, shoka limemlemea mikononi.

"Umefurahi, Mama?" aliuliza.

"Nimefurahi," Pili alijibu, na ilikuwa kweli.

"Basi ule hiyo furaha," Sijaona alisema, akainua shoka. "Hatuna kingine cha kula."