Malori Matatu ya Udongo Mwekundu

Marlius alikuwa ameshashuka ngazi nne, mto wa kulalia kwapani na begi mkononi, ndipo alipoinama kuchungulia kama mkewe anamtazama. Hakuwa anamtazama. Jusniar alikuwa amekaa chini ya nyumba, kivulini katikati ya nguzo, akiponda ndago, majani marefu ya kinamasi ya kusukia mikeka, na mchi ulikuwa unashuka kwa mwendo uleule wa kila siku: pu, pu, pu.

"Jus. Naondoka kweli."

"Naona."

"Miaka ishirini na sita, Jus."

"Umesahau dhumna zako. Ziko juu ya kabati."

Akapanda kuzifuata. Mtu anafukuzwa kwa mkewe mchana kweupe, majirani wamejaa madirishani, naye anarudi ndani kuchukua dhumna! Huyo ndiye aliyejulikana asubuhi hiyo kwamba ametoa kinamasi cha mkewe kwa kampuni ya hoteli.

Malori yalikuwa yamekuja saa mbili. Yakainua migongo kando ya maji, la kwanza, la pili, la tatu, na udongo mwekundu ukamwagika juu ya ndago zilizobakiza wiki mbili tu zikatwe. Bata mwitu waliruka wote kwa mpigo mmoja, wakazunguka juu ya majabali, wakakosa pa kutua. Lori la nne lilimkuta Jusniar amesimama njiani na mundu. Dereva hakuwa na ugomvi na mtu. Akateremka, akamwonyesha karatasi. Chini kabisa, penye maneno "Mkuu wa Kaya", palikuwa na sahihi ya Marlius, yenye mikia mirefu kama ya mtu mwenye mali. Kisha akageuza lori na udongo wake, mpaka wenyewe wapatane.

Mkuu wa kaya! Marlius aliingia nyumba hiyo na mto huohuo na mashati mawili. Katika Koto Lansek nyumba, mashamba na maji hushuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mume huja jioni, huondoka asubuhi, na akiwa mtu mwema hupewa kikombe chake mwenyewe. Marlius hakuwahi kukata ndago hata moja. Hakujua kwamba hukatwa chini ya maji, kwa kupapasa, ili shina lichipue tena. Hakujua kwamba huanikwa siku tatu na kupondwa zikiwa bado na unyevu kidogo, la sivyo zitavunjika kwenye kusuka. Hakujua kwamba meno yake ya bandia, yale aliyotabasamu nayo akisaini, yalitoka kwenye matope yale, mkeka kwa mkeka. Alijua dhumna.

"Nilisaini kwa ajili yetu," alisema akishuka mara ya pili, dhumna zikigongana ndani ya begi. "Kaka yako mwenyewe kaniambia ni fomu tu. Wataweka hoteli, Jus. Utapewa duka la mikeka humo ndani, penye feni."

"Mikeka ya nini? Ya udongo?"

"Wewe maendeleo huyataki, basi."

"Nenda kwa dada yako, Marlius. Leo kapika mchuzi wa fenesi."

Akaenda. Jusniar akamaliza fungu lililokuwa mbele yake, maana ndago hazingoji mtu akasirike kwanza. Kisha akanawa miguu, akaenda kumtafuta kaka yake.

Kaka yake alikuwa Datuk Itam, mkubwa wa ukoo. Cheo hicho alipewa ili ailinde ardhi ya dada zake, naye alikivaa kama watu wanavyovaa saa ya bei kubwa iliyokwisha kusimama. Alikuwa mgahawani, na pembeni yake Hermanto, mtu wa kampuni, mwenye miwani ya jua iliyopandishwa kipajini. Miezi minne Hermanto alikuwa amenywa kahawa hapo na wanaume wasio na ardhi, akidhani anafanya kazi.

Mezani palitandazwa picha: ziwa safi kama sahani, vibanda vyenye paa za bati zilizokunjwa ziwe kama za mababu, na juu ya maji bata wakubwa wa plastiki, wa viti viwili, wa kuendeshwa kwa kukanyaga. Juu, kwa herufi za dhahabu: Mapumziko ya Asili.

"Bata mnawafukuza," Jusniar alisema, "halafu mnaleta wa plastiki. Haya aliyawaza mtu mmoja, au mlisaidiana?"

Wanaume wakachekea vikombeni mwao.

"Mama," Hermanto alisema kwa upole wa mtu wa mauzo, "wageni hawapendi matope."

"Basi wabaki kwao, kusiko na matope."

"Jus!" Datuk Itam alikunja uso. "Usinitie aibu mbele ya mgeni. Binamu zako wa Jakarta wamekubali, wote wawili, kwa simu. Ulibaki wewe tu, na nyumba yako imesaini."

"Imesaini kwa mkono wa Marlius."

"Fomu inauliza mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni mume. Sikuitunga mimi."

Jusniar aliitazama ile picha.

"Basi na kule kwa wifi," akauliza taratibu, "mkuu wa kaya ni wewe, kaka?"

Hermanto alikuwa anasikiliza. Mgahawa mzima ulikuwa unasikiliza. Datuk Itam akajivuta kitini.

"Sasa nani mwingine?"

"Hata mashamba ya mpunga ya wifi, unaweza kuyasaini?"

"Sheria ni moja, Jus."

"Mimi sikusoma sana. Niandikie hayo, nikayaangalie nyumbani. Pengine nitaelewa, ninyamaze."

Datuk alikuwa ametembea na mhuri wake mfukoni miaka kumi na moja akingoja mtu amwombe. Akaandika mistari mitatu kwa kalamu ya Hermanto, akaupulizia mhuri pumzi, akaugonga. Akaugonga tena, kwa raha tu.

Jusniar aliikunja karatasi, akaitia ndani ya mkoba mpya wa ndago pamoja na tambuu, popoo na chokaa, kama watu wanavyokwenda kwenye jambo zito, akatembea hadi kijiji cha pili. Wifi yake Rohanis alikuwa anageuza mpunga juani kwa miguu. Walitafuna tambuu kwanza, wakaulizana hali. Ndipo Rohanis akaisoma karatasi, ameishika mbali na macho.

"Wifi, hii ya nani?"

"Ya mumeo."

"Mhuri naujua. Nauliza akili, ni ya nani?"

"Yake pia."

Rohanis alitema mate mekundu pembeni. "Mashamba ya mama yangu! Huyu juzi nimemuuliza shamba la juu linapakana na nani, kaniambia mfereji. Mfereji wenyewe ulihamishwa mwaka wa mafuriko, yeye amelala."

"Sijaja kukwambia ufanye lolote, wifi."

"Wala sifanyi lolote. Nitampelekea tu mto wake."

Alasiri hiyohiyo Rohanis aliingia mgahawani, mahali ambapo mwanamke hukanyaga tu akiwa na habari ya kifo. Akauweka mto juu ya picha, juu ya bata wa plastiki.

"Mheshimiwa mkuu wa kaya," alisema, "kaya yako hii hapa. Nimekufulia na foronya."

"Rohanis, mama, twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mtu mmoja alipaliwa na kahawa. Hermanto aliushusha mto polepole mpaka benchini, akamtazama Datuk. "Samahani," alisema, "hivi mwenye ardhi hapa ni nani?" Lilikuwa swali lake la kwanza la maana kwa miezi minne, na hakuna aliyejishughulisha kumjibu.

Mwanamume akitolewa kwa mkewe hana ngazi nyingine ila ya dada yake. Au akalale msikitini pamoja na vijana wasiooa. Lakini Datuk mzima, wa miaka hamsini na nane, na mto wake? Kabla ya magharibi alikuwa amesimama mbele ya ngazi zilezile alizoshuka Marlius asubuhi. Pu, pu, pu.

"Jus."

"Kaka."

"Hii ni nyumba ya mama yetu."

"Ndiyo. Ungepanda, ila nasikia mkuu wa kaya ni Marlius. Kamwombe ruhusa. Yuko kwa dada yake, anakula fenesi."

Akauhamishia mto kwapa la pili. Mchi haukumngoja.

"Fomu iko kwa Hermanto," alisema mwishowe.

"Na kalamu iko kwake pia. Nenda. Mto uache hapo, mvua hainyeshi."

Akarudi kwa miguu, akapita mbele ya mgahawa mzima, akamwomba Hermanto ileile kalamu, akaikata sahihi ya shemeji yake na kugonga mhuri juu yake. Safari hii aliugonga mara moja.

Hermanto aliondoka wiki hiyo. Kampuni ilipata kinamasi kingine nyuma ya mlima, ambako wanawake walisaini wenyewe. Hoteli ipo, ina bata kumi na wawili wa plastiki, wanane wamepasuka. Marlius yuko kwa dada yake na huwaambia watu kwamba aliondolewa kwa sababu za kisiasa. Datuk Itam alilala kwa Jusniar miezi mitano, juu ya mkeka wa ndago, mpaka Rohanis alipomrudisha wakati wa mavuno kwa kuwa alihitaji mtu wa kufukuza ndege. Mhuri uko ndani ya kopo la sukari la Rohanis. Binamu wa Jakarta hawajapiga simu. Bata mwitu walirudi, si wote.

Udongo wa malori matatu haukuondolewa. Umebaki ndani ya kinamasi, kilima chekundu kinachomfika mtu kifuani, na juu yake ndago hazioti. Jusniar huanika zake hapo, maana ndipo pakavu. Siku ya pili huzigeuza. Siku ya tatu huzifunga mafungu, akashuka nazo majini kurudi nyumbani, na pale zilipolala hubaki michirizi myembamba, mingi, imelala sambamba juu ya udongo, mpaka mvua inyeshe.