Mwanamke wa Kisanduku cha Pembeni

Kwenye televisheni mimi ndiye yule mwanamke wa pembeni, aliyebanwa ndani ya kisanduku kidogo, anayerusha mikono huku wakubwa wakihutubia. Wengi mnaniona pambo. Wengine mnaniigiza sebuleni, mnapunga mikono hewani na kuangua kicheko. Chekeni tu. Sikuwekwa pale kwa ajili yenu. Niliwekwa kwa ajili ya viziwi, na tangu nianze kazi hii nimefuata kanuni moja: anachosikia mwenye masikio, kiziwi naye akipate. Chote. Simu ikilia ukumbini katikati ya hotuba, ninaeleza kwamba simu imelia.

Siku ile Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alikuwa anatangaza kwamba kura imeahirishwa. Karatasi za kupigia kura zimechelewa kufika, alisema, wananchi wawe na subira. Nilisimama karibu naye kiasi cha kunusa manukato yake, nikatafsiri. Kisha akafunika maikrofoni kwa kiganja, akamgeukia makamu wake, akasema huku anacheka: "Karatasi ziko stoo tangu wiki iliyopita. Waache wangoje. Hawa watu wamezoea kungoja."

Fundi mitambo alikuwa mwepesi, akakata sauti, na majumbani hakuna aliyesikia kitu. Lakini ukumbini tulisikia. Waandishi wa habari wa mstari wa mbele walisikia. Mmoja akacheka naye, wengine ghafla wakawa na shughuli nyingi na kalamu zao. Mikono yangu ikafanya kazi yake. Sikufikiri mara mbili. Ningefikiri, huenda ningeogopa. Nikatafsiri stoo, nikatafsiri kungoja, nikatafsiri hata kile kicheko.

Asubuhi yake viziwi walikuwa wamejaa nje ya ofisi za Tume na mabango: FUNGUENI STOO. Wenye masikio wakawa wanapita na kuuliza kulikoni, na safari hii asiyesikia ndiye aliyemweleza anayesikia. Hadi mchana hata wauza mitumba walikuwa wanaimba stoo, stoo.

Mkurugenzi wa matangazo akaniita ofisini. Zamani alikuwa mtu na msimamo wake, kabla hajawa bendera fuata upepo.

"Dada yangu, umetuponza," akaniambia. "Sasa sikiliza. Kwenye taarifa ya habari ya leo, msomaji atasema mkalimani alikosea, maneno yale hayakusemwa. Wewe utatafsiri, basi, yaishe. Ukikataa, unga wako umemwagika, na usije kunililia hapa."

"Bosi, wewe mwenyewe ulikuwepo ukumbini. Ulisikia."

"Mimi?" Akageukia dirisha. "Mimi nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu."

Nilitoka mle na hasira zangu, nikaenda moja kwa moja karakana ya kaka yangu. Kaka ni fundi wa kuchomelea mageti, kiziwi tangu kuzaliwa, na mtaani wanamwita Redio kwa sababu hakuna habari inayompita. Lugha ya ishara nilijifunza kwake kabla sijajua kutamka jina langu. Alizima mashine, akapandisha miwani kwenye paji la uso, nikamweleza yote.

"Sitatafsiri uongo ule," nikamwambia. "Nitasimama pale, mikono nyuma, nchi nzima inione."

Nilitegemea anisifu. Badala yake akanitazama kwa huruma, na huruma ya kaka yangu huudhi kuliko matusi.

"Yaani utanuna," akasema kwa mikono yake yenye makovu ya cheche. "Utapendeza kweli. Na sisi je? Watatoa taarifa, wenye masikio wataisikia, sisi tutabaki tunatazama mtu aliyenuna."

"Ni uongo, kaka!"

"Najua ni uongo. Lakini nani kakupa kazi ya kunichagulia? Yule Mwenyekiti anaamua tujue nini na tusijue nini. Na wewe unataka kuanza? Niletee uongo wao mzima mzima, nitaupima mwenyewe. Mimi ni kiziwi, mdogo wangu, si mtoto."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nikamuuliza: na mimi je? Nikishatamka kwa mikono yangu mwenyewe kwamba nilidanganya, ni kiziwi gani ataniamini tena?

"La kwako lisemee mwenyewe," akajibu, akashusha miwani. "Lakini kwanza maliza la kwao."

Jioni nikaingia studio. Msomaji wa habari alirekebisha kola yake, akasoma kwa ile sauti yake ya asali: "Kituo kinaomba radhi. Katika matangazo ya jana mkalimani wetu alikosea. Maneno aliyoyatafsiri hayakusemwa na Mwenyekiti." Nikatafsiri yote. Sikuruka neno, sikukunja uso. Niliwapa uongo ule mzima, kama ulivyoagizwa.

Msomaji akafungua ukurasa wa hali ya hewa. Mikono yangu haikushuka. Mkalimani akitaka kusema la kwake mwenyewe, husogea hatua moja pembeni, ili anayemtazama ajue maneno sasa yana msemaji mwingine. Nikasogea. Kisanduku chenyewe ni kidogo, nusu ya bega langu ikaishia nje.

"Hayo ni ya kwao," nikasema kwa ishara. "Haya ni yangu. Nilisikia. Waandishi walisikia. Mkurugenzi wangu alisikia. Karatasi ziko stoo. Msingoje."

Hakuna aliyenizuia. Wangenizuiaje? Kituo kizima, kuanzia mlinzi wa geti hadi mwenye kiti cha kuzunguka, hakuna aliyewahi kujishughulisha kujifunza hata salamu ya ishara. Walidhani bado naomba radhi. Nyuma ya kioo mkurugenzi alinitikisia kichwa kwa kuridhika, akaniinulia dole gumba.

Mvua za kesho zilikuwa hazijaisha kutabiriwa, simu zake zote zikaanza kulia kwa pamoja. Akapokea moja, akapokea nyingine, dole gumba likashuka. Taarifa ilipoisha aliingia studio mbiombio, jasho limemtoka.

"Umewaambia nini?"

Nikachukua mkoba wangu.

"Nakuuliza, umewaambia nini watu?"

"Wako nchi nzima, bosi," nikamjibu. "Toka nje ukawaulize."