Kiganja Kimoja cha Eric

Shimo lilikuwa tayari tangu Ijumaa. Achieng alilichimba mwenyewe nyuma ya jikoni, kwenye kibustani cha nyumba yao ya Hodge Hill, Birmingham, kwa sepetu aliyoazima kwa jirani yake Sirad, na mvua ikawa inalijaza kila alipolipa kisogo. Halikuwa shimo la kutisha. Sufuria ya ugali wa watu wawili ingeenea humo, basi. Alichotaka kukizika kilikuwa kidogo kuliko hapo: kiganja kimoja cha majivu ya mumewe.

Eric alizaliwa Birmingham, ila wazazi wake walitoka kisiwa kimoja cha Karibea. Kisiwani huko kuna bustani juu ya jabali, imezungushiwa vyuma vya kuegemea, ambako watu hupanda kutazama bahari. Walipokwenda pamoja mwaka ule wa harusi, Eric aliegemea vyuma vile akasema, "Nikifa, nimwageni hapa." Achieng akamzaba kofi la bega. Kwao Seme, kando ya ziwa, mtu hakiiti kifo, wala maiti haichomwi. Huzikwa nyumbani, watu wakajua pa kulilia. Lakini ugonjwa ulipomkamata, Eric alirudia maneno yaleyale mbele ya mama yake, na neno la mgonjwa ni zito. Wakamchoma. Baba yake Achieng, kwa simu kutoka Seme, aliuliza jambo moja tu: "Mmechoma mtu?" Tangu siku hiyo hajapiga.

Kumpeleka Eric kisiwani mwenyewe, Achieng asingeweza. Viza yake ilikuwa ya mke wa Eric, na Eric hayupo. Ombi jipya lilikuwa bado halijajibiwa, na wakili alimwonya kwamba akitoka nchini tu, ombi limekufa. Basi majivu yalisafiri na mama mkwe, pamoja na Audrey, binti wa pekee wa Achieng na Eric.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Achieng aliinama kweli. Kabla hawajaondoka alimwomba mama mkwe amwachie kiganja kimoja. Yule mama akamshika mikono yote miwili, akamwambia mwanawe si sukari ya kugawiwa watu. Alisema kwa upole, na hapo ndipo palipouma. Nani awezaye kugombana na upole?

Ikabaki hila moja. Kule kisiwani hakuna aliyejua Kiswahili isipokuwa Audrey.

Jumapili mchana simu ikalia. Sirad, Msomali aliyelelewa Eastleigh, alikuwa jikoni akichemsha chai, maana alisema siku kama hiyo mtu haachwi peke yake. Kwenye skrini ikatokea bahari. Jamani, bahari ile haina adabu! Imejipamba kijani huku chini na buluu kule mbali, watalii wanapigana picha wakicheka, na jua linawaka kana kwamba hapajafa mtu. Achieng aliichukia. Kando ya vyuma watu wa ukoo wa Eric walisimama wamevaa nyeupe, mama mkwe amekumbatia kile chombo cha majivu. Dada yake Eric ndiye aliyeshika simu, akaielekeza kwa mtoto.

"Audrey, mama, unanisikia? Usinijibu, we sikiza tu. Grandma akifungua hiyo kitu, chota kidogo na mkono, funga kwa tishu, weka kwa mfuko. Ni ya Mummy. Sawa?"

Audrey alikielewa Kiswahili chote, na maisha yake yote hakuwahi kukijibu ila kwa Kiingereza. Achieng alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alidhani neno "usinijibu" lingetosha.

"How much of Daddy, Mum?" Sauti ya mtoto ilipaa juu ya upepo. "Like a spoon?"

Kijiko! Wote wakageuka. Mama mkwe hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisogea karibu na simu, macho yamejaa machozi. "Achieng, darling, no," alisema. Kisha akarudi kwenye vyuma, akakiinamisha chombo chote, na upepo ukamchukua Eric. Achieng aliona mkono mdogo umerushwa hewani, halafu picha ikakatika.

"Wallahi, pole dada," alisema Sirad. "Sasa hilo shimo, tulifukie?"

"Kwetu mtu akizama ziwani asipatikane, wanazika tunda la yago, lile kubwa la porini, mahali pake. At least kuna kitu kimelala hapo."

"Na hapa Birmingham utatoa yago wapi?"

Wakaliangalia bakuli la matunda. Lilikuwa na ndizi na limau lililosinyaa. Wakacheka, wallahi walicheka, hadi kicheko cha Achieng kikageuka kilio, na Sirad akamshika.

Chai ilikuwa imepoa simu ilipolia tena. Ni Audrey, ananong'ona, nyuma yake masufuria ya kibanda cha chakula yanagongana.

"Mum, I did it. I caught some."

Achieng alisimama, kiti kikaanguka. "Umeshika? Kweli, mama? Iko wapi?"

"In my hand. I held it so tight, all the way down. But Grandma made me wash. Before we eat. She opened my fingers, Mum, with soap. She said it's what you always tell me."

Na ni kweli, kunawa kwa sabuni kabla ya kula, ndivyo alivyomfundisha. Achieng akakiinua kiti kilichoanguka. "Umefanya vizuri. Kula chakula chako."

Akatoka nje na sepetu. Kaburi lenye mtu huacha tuta juu. Udongo wa shimo lile tupu ulirudi wote ndani, ukalala sawa na bustani, na Sirad alipokuja kumwita hakujua amwambie aondoke wapi, maana pale Achieng alipopiga magoti hapakuwa na kaburi.