Maji ya Vyombo ya Mama Selina

Mzee Melkiori alikuwa anavaa raba ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena kwenye joto la Kibaha, na sababu ilikuwa friji. Ukiligusa ukiwa peku, lilikurusha. Mwezi wa nane lilikuwa linamtekenya vidole tu, akalichekea. Mwezi wa kumi likamtupa chini mjukuu wake Tito, mtoto wa miaka sita aliyetoka kuoga na kukimbilia maji ya baridi, na hapo kicheko kikaisha.

Binti yake Selina, mama wa Tito, mwalimu huko Kisarawe, alimpigia simu Jumatatu. Hakupandisha sauti. Wanawake wa familia ile wakikasirika husema taratibu.

"Baba, chumba chako hapa nimeshakifagia. Jumamosi nakuja na Tito. Nikikuta friji bado linapiga shoti, tunapakia vitu vyako tunaondoka. Nyumba tutaitafutia mpangaji."

"Na mpangaji naye arushwe?"

"Baba!"

"Haya, nimesikia."

Alisikia, lakini moyo uligoma. Marehemu mkewe, Efrazia, alizikwa Rombo kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, kama mila yao inavyotaka. Huku Tangini, mtaa wao wa Kibaha, hakuna kaburi la kwenda kupalilia. Kilichobaki cha Efrazia huku ni hiyo nyumba, waliyoijenga chumba baada ya chumba wakati yeye Melkiori akiwa karani wa masijala Dar, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Kumtoa humo ilikuwa kumfanya mjane mara ya pili, na hilo asingeweza kumwambia mwanawe kwenye simu.

Kupata fundi umeme Kibaha si kazi. Kazi ni kumpata anayesikiliza. Wa kwanza alikuwa Jabiri, kijana mwenye maneno matamu anayeshinda mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliingia, akaliangalia friji kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani, akabadilisha plagi, akachomeka. Melkiori akaligusa kwa ncha ya kidole, akaruka.

"Mzee, hii ni kawaida tu," Jabiri alisema. "Friji za zamani zina hasira. Wewe vaa ndala, utaishi nalo freshi kabisa."

Wa pili alitoka Misugusugu. Huyo hakugusa hata plagi. Alisimama mlangoni, akatazama dari, akatangaza kwamba waya zote za nyumba zimezeeka na zing'olewe. Melkiori alimuuliza amejuaje bila kufungua hata swichi moja. Fundi akajibu kwamba uzoefu ndiyo macho yake. Melkiori, aliyefanya kazi miaka thelathini na moja kati ya majalada na hakuwahi kutia muhuri karatasi asiyoisoma, alimshukuru na kumfungulia geti.

Ikafika Alhamisi. Usiku ule aliota anapakia makochi.

Ijumaa asubuhi geti liligongwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, suruali ya jinzi, kitambaa kichwani, begi la vifaa begani.

"Shikamoo mzee. Mimi Siwema, fundi umeme. Natokea Kisarawe. Mwalimu Selina kanituma, ndiye niliyemfungia umeme kwenye nyumba yake."

"Marahaba." Melkiori alimtazama begi, akamtazama mikono. Alitaka kuuliza kama hakuna kaka yake aliyekuja naye, akalimeza swali, na baadaye alijipongeza sana kwa kulimeza. "Karibu ndani. Friji ndilo lile."

Siwema hakwenda kwenye friji. Alisimama katikati ya jiko akaliangalia sinki jipya, vigae vyeupe, bomba linalong'aa.

"Linalopiga ni friji peke yake?"

"Friji. Na jiko la umeme. Na birika, siku nyingine."

"Basi friji tunalisingizia. Vitu vitatu haviwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja." Akageuka. "Maji ya kuoshea vyombo mnamwaga wapi, mzee wangu?"

Melkiori alidhani hakusikia vizuri. Nimeletewa fundi umeme, kaja bwana afya!

"Yanaingia kwenye sinki. Yanakwenda shimoni, huko mbele."

"Tangu lini?"

"Tangu Februari."

"Na kabla ya Februari?"

Hapo mzee akaanza kukohoa kikohozi cha kujitafutia muda. Siwema akatabasamu.

"Mzee wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata maradhi ya nyumba."

Basi akamwambia. Kabla ya Februari palikuwa na migomba kwenye kona ya nyuma, mitano, mbegu ya kwao. Efrazia alikuwa akiosha vyombo kwenye karai, na kila jioni, lisipokuwepo la kumzuia, alibeba karai lile kuuzunguka ukuta na kumwaga maji yake pale. Melkiori alimjengea bomba jikoni, mkewe akakataa kuacha. Alimnunulia sinki, likakaa stoo miaka sita ndani ya boksi lake. Efrazia alipofariki, na misa ya kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, Melkiori alitaka wageni waikute nyumba ya mkewe ikipendeza. Akalifunga sinki, akang'oa migomba, akamwaga zege uwanja mzima wa nyuma, laini kama meza. Watu walisifu sana.

"Nionyeshe hiyo kona," Siwema alisema.

Ukutani ulishuka waya wa kijani, mnene kidogo, ukaingia chini ya zege na kupotea. Siwema akachuchumaa, akaugusa.

"Huu unakwenda kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini. Umeme ukivuja ndani, upite hapa ukazame, usipite kwenye mwili wa mtu. Lakini udongo mkavu haupitishi, na zege hili limeuzibia hata mvua. Na sisi Pwani udongo wetu ni mchanga mtupu, kiangazi unakauka kama unga. Sisi huko kwetu Kisarawe, mvua zikikata tu, simu haziishi, kila mtu friji lake linamrusha. Nipatie sururu."

Walivunja zege wakipokezana. Kilichotoka chini kilikuwa kikavu kweli, kikiteleza kati ya vidole, na humo ikaonekana ile fimbo, fupi ya kusikitisha. Siwema akaingia ndani na mita yake, akapima kwenye mwili wa friji, akamwonyesha Melkiori namba. Kisha akamwaga ndoo mbili za maji kwenye shimo, akasubiri yanywewe, akarudi kupima. Namba ilikuwa imeanguka, imebaki kidogo sana.

"Nani alifunga umeme hapa?" aliuliza.

"Marehemu fundi Seif. Mwaka tisini na tisa. Mimi nilikuwa kazini, alikuwepo mama tu."

"Basi alijua fimbo yake ni fupi. Lazima alimwambia mama kitu."

Melkiori alikuwa ameshika ndoo tupu, na jioni moja ya zamani ilikuwa inamrudia, hata rangi ya kitenge alichovaa Efrazia. Alikuwa ametoka Dar amechoka, akamkuta anazunguka nyumba na karai kiunoni wakati bomba lipo. Akamuuliza anajitesa kwa nini. Na Efrazia akamjibu wazi kabisa: "Fundi Seif kasema hapa pasikauke." Yeye akacheka. Fundi umeme na migomba wapi na wapi! Akaingia ndani kula, na hakuuliza tena kwa miaka ishirini na mitatu.

"Alimwambia," alisema hatimaye. "Na yeye aliniambia mimi, nikamcheka."

Siwema akazima swichi kubwa, akapanda darini, na baada ya nusu saa akashuka na utando wa buibui kwenye kitambaa na kipande cha waya mkononi. Panya walikuwa wameutafuna juu ya jiko, na pale ndipo umeme ulipovujia. Makovu mengine ya meno yalikuwa ya zamani, yameshika vumbi gumu.

"Umeme ulikuwa unavuja miaka mingi tu, mzee. Ila ulikuwa unanywewa na ardhi, hamkujua."

Alibadilisha waya uliotafunwa, akachimbia fimbo mpya ndefu inayofika kwenye udongo wa chini wenye unyevu, akaweka breka inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Alipomaliza, jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, upande wa Zegereni.

"Sasa hata usipomwaga maji, uko salama," alisema akifunga begi. "Sinki lako tumia bila wasiwasi. Ila ile breka uibonyeze kila mwezi kuijaribu. Usinifanye kama mama, ukanicheka."

"Sitacheka, mwanangu."

Jumamosi Selina alifika na Tito. Hakuketi. Alivua viatu, akasimama peku kwenye vigae, akabandika kiganja chote kwenye mlango wa friji. Akakiacha pale. Akaweka na cha pili.

"Basi," alisema, na sauti ikampanda kwa furaha. "Basi, Baba, kaa kwako." Kisha akachungulia dirishani. "Lakini zege lote lile umelivunja?"

Melkiori alimweleza. Alipofika kwenye jioni ya karai na kicheko, alilia mbele ya mwanawe bila kujificha. Selina alimshika mkono, naye akalia.

Walikula. Selina akakusanya vyombo, akafungua bomba la sinki. Melkiori akalifunga.

"Leta karai."

"Baba, fundi si kasema haina haja tena?"

"Kasema. Nimemsikia vizuri."

Aliosha vyombo mwenyewe, taratibu, akabeba karai kiunoni, akauzunguka ukuta. Kwenye kona, kando ya waya wa kijani, lilikuwepo chipukizi la mgomba alilopewa na jirani asubuhi ile. Alimwaga maji yote, akabaki ameinama mpaka ardhi ikayanywa.