Tuliporekodi Wimbo Ndani ya Tangi la Maji

Naapa, haya ninayoandika ni kweli tupu, sijayatia chumvi hata ya kuonjea. Kama nadanganya, meno yangu yaliyobaki yang'oke yote leo hii, na anayenifahamu anajua siwezi kuyafanyia mzaha, maana yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, akiimba jikoni majirani huzima redio zao. Ila mweke mbele ya maikrofoni sasa, uone kituko. Anakauka. Na siku hiyo hakukuwa na nafasi ya kukauka. Kituo cha redio kilikuwa kinachagua wasanii wapya wa kupigiwa nyimbo zao msimu mzima, na wimbo wake ulitakiwa uwe umewafikia kabla ya saa kumi alasiri. Ukichelewa, subiri mwaka kesho. Mpwa wangu alikuwa amechoka kusubiri mwaka kesho.

Studio ni ya mumewe, naye ndiye fundi sauti. Ni chumba cha uani, kuta zimebandikwa vipande vya magodoro, na katikati kuna kioo: mwimbaji upande huu, fundi sauti upande ule. Nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe changu cha chai. Kimya cha mle ndani si cha kawaida. Nilisikia ndevu zangu zikiota.

"Rudia," alisema fundi sauti. "Safari hii jilegeze."

"Nimejilegeza."

"Umejilegeza kama nguzo ya umeme."

Akarudia. Maneno ya mapenzi yakatoka kama tangazo la kukatiwa maji, na matangazo hayo nayajua vizuri, maana kazi niliyostaafu ni ya kusoma mita za maji. Mara akavua vipokea sauti, akatoka nje machozi yakimlengalenga.

"Basi. Mimi mwimbaji wa sufuria tu."

Ulimi wangu haujui kukaa bure. "Mnajisumbua na magodoro," nikasema. "Enzi zangu mimi nilimrekodi mwanamama ndani ya tangi la maji."

Fundi sauti akanitazama. "Mjomba, wewe si ulikuwa unasoma mita?"

"Na mita zinafungwa wapi? Kwenye mikia ya mbuzi?"

Nikawasimulia. Yule mama alipoanza kuimba, sauti iliingia kwenye mabomba, ikasambaa mtaa mzima. Mtu akifungua bomba anawe uso, anapata maji na kiitikio. Bwana mmoja alichelewa kazini kwa sababu alishindwa kufunga bomba kabla ya ubeti wa mwisho.

Fundi sauti alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini mpwa wangu hakucheka. Alikuwa anatazama uani, ambako tangi lao jipya, jeusi, kubwa kama chumba cha kupanga, lilikuwa limelazwa ubavu likisubiri mafundi bomba waje kulipandisha kwenye mnara wake.

"Kwani tutapoteza nini?" akasema, akavua viatu, akaingia.

Tulining'iniza maikrofoni mdomoni mwa tangi kwa vibanio vya nguo. Akasema "haloo," tangi likamjibu kama kusanyiko zima. Akacheka, wakacheka wanawake kumi. Kisha akaimba. Jamani! Vinyweleo vyangu vilisimama, na vingine nilidhani vilistaafu pamoja nami.

"Sauti ndiyo hii!" mumewe akapiga kelele. "Lakini maneno yanaogelea! Sishiki hata moja!"

"Sasa kule studio huwa unapatwa na nini?" nikamuuliza mpwa wangu.

Jibu likatoka ndani ya tangi likinguruma: "Uso wake!"

"Uso wangu umefanya nini?" mumewe akaruka.

"Kila nikipanda juu unapandisha nyusi! Kioo kizima nyusi tupu! Nitaimbaje na mtu anayenishangaa?"

"Napandisha kwa sababu imenipendeza!"

"Si ungesema!"

"Nitasemaje na unarekodi?"

Halafu tangi likaanza kucheka tena, na mumewe naye, na mimi nikawafuatia ingawa chai ilinimwagikia gotini.

Baada ya hapo fundi sauti alipata mori. Aliibeba maikrofoni mbio hadi chumbani kwao, akafungua kabati la nguo, akamsukumiza mkewe katikati ya makoti na magauni, akafunga mlango, waya ukapita chini. Nguo zinameza mwangwi, akanieleza. Na gizani hakuna nyusi. Mpwa wangu aliimba humo kwa mkupuo mmoja, kila neno safi, mpaka nikasahau kuwa nasikiliza kabati.

"Ni kavu mno," akasema alipotoka, unyoya umemganda kichwani. "Mimi naitaka na ule ukubwa wa tangi."

"Utaupata," mumewe akajibu. Akaingiza spika ndani ya tangi ipige ule wimbo wa kabatini, na maikrofoni nyingine akaiweka huku mdomoni idake mwangwi peke yake. Baadaye angeuchanganya na sauti kavu, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja sukari.

Mafundi bomba nao walikuwa wameshafika na kamba zao, wamenuna. Mkubwa wao alisimama nami kando ya mdomo wa tangi, nami nikamsimulia na yeye habari za yule mwanamama. Wimbo ukapigwa. Kule dirishani mwa studio mtu na mkewe walikuwa wamekumbatiana wakicheza, vipokea sauti vimetupwa mezani. Katikati ya wimbo kuna mahali unaposimama, kama unavuta pumzi kabla ya kiitikio cha mwisho. Hapo ndipo yule fundi bomba aliponiinamia akaninong'oneza swali, nami nikamnong'oneza jibu.

Wimbo ulipokwisha, hawakungoja hata asante. Tangi likapanda juu, likafungwa, maji yakafunguliwa.

Tukaingia studio kusikiliza. Nitasema nini? Mpwa wangu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Likafika lile pumziko, na kutoka mbinguni ikashuka sauti nzito kama ya siku ya kiyama:

"STUDIO? ACHA WEWE, STUDIO NIMEINGIA LEO MARA YA KWANZA. ILE YA MWANAMAMA NIMEITUNGA NIKINYWA CHAI."

Nikaanza kutafuta kofia yangu.

"Mjomba," fundi sauti akaita taratibu, "kaa chini."

"Ifute tu hiyo sehemu, mwanangu."

"Nikifuta, na mwangwi unakwenda nao. Itabaki shimo."

"Basi turudie."

Sote tukatazama dirishani. Juu ya mnara tangi lilikuwa linabubujika kwa raha zake. Na saa tisa ilikuwa imeshapita.

Mpwa wangu akafunga mikono kifuani, anatetemeka, nikadhani kwa hasira. Kumbe amebana kicheko. "Shimo lako, litazibwa na wewe. Hapo panafaa sauti ya kiume ya kuitikia. Ingia kabatini."

"Mimi? Na kifua hiki?"

"Kifua hicho hicho kilichonong'ona. Ingia, Mjomba!"

Nikaingia. Kiango cha koti kikanichoma sikioni, gauni la harusi likanijaa mdomoni, nikaitikia "Eee, mama, eee" kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata bafuni. Nje nilisikia vigelegele. Wimbo ukatumwa ukiwa bado wa moto.

Walimchagua. Na sehemu inayoimbwa na watoto mtaani ni ile "Eee, mama, eee," kwa hiyo mpwa wangu amekata shauri: kila anapopanda jukwaani, nami napanda. Posho sipewi, na kukataa siruhusiwi. Hata sasa gari lao linanipigia honi hapo nje, na yeye ameshafika dirishani, anasoma ninayoandika, anauliza lini wanawake kumi walicheka ndani ya tangi.

Nakuja, mwanangu. Natafuta viatu.