Mstari wa Nyamhanga

Mstari nyuma ya mume wangu ulikuwa umeshapita vyoo vya shule, na watu walikuwa bado wanakuja. Walitoka kwenye vivuli vya nyumba mpya wakipangusa vumbi nguoni, wanawake wakifunga upya kanga zao, wakaenda moja kwa moja upande wake. Nyuma ya mwenyekiti Keraryo walisimama ndugu zake, wajumbe wake na wazee wachache waliokuwa wakitazama chini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Walijipanga kama watu wanaofanya jambo wasilolizoea. Nyamhanga, mume wangu, alisimama mbele, mikono nyuma, macho kwenye meza ya mgeni aliyetoka Musoma. Hakugeuka kutazama ni akina nani walio nyuma yake.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, mwaka mmoja tangu tuhamishwe. Sisi tulikuwa watu wa ziwani, kule Bukima. Lori lilitukuta mihogo ikiwa bado ardhini na nyavu zimeanikwa, likatumwaga kwenye uwanda ambako kufuata maji kulikula asubuhi nzima. Keraryo ndiye aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba. Alikuwa mtu wa kwetu, akijua kila mlango, kwa hiyo hakuna nyumba iliyosahaulika. Ya jirani yangu Mbuke iliezuliwa yeye akiwa ndani na mtoto mchanga, mvua imeshaanza. Mtoto yule hakufika Krismasi. Baadaye Keraryo akafanywa mwenyekiti bila sisi kuulizwa, na bomba la maji tuliloahidiwa likawa neno la kufungia mikutano.

Sasa tukaambiwa tutamchagua mwenyekiti wenyewe, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka.

Pastory, katibu wa kata, alikuja kwetu jioni moja, akakaa kwenye kigoda, akala sato wetu mkavu akabakiza miiba. Mimi nilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa udongo.

"Bwana Nyamhanga, tunataka usimame kushindana na Keraryo."

"Mimi? Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Mgeni anakuja, na uchaguzi wa mtu mmoja haupendezi. Wewe ni mpole, watu hawakuchukii. Unasimama, mambo yanakwisha, unarudi shambani."

"Na nikishinda?"

Pastory alicheka. Mume wangu naye akacheka, kicheko kirefu kuliko cha mgeni wake, na mimi nikiwa na mwiko mkononi nikahisi uso unawaka, kana kwamba nimevuliwa nguo sokoni.

Asubuhi nilimuuliza, "Baba Robi, umekubali kuwa pambo?"

"Nimekubali kuishi na watu," akajibu.

Sikubishana naye. Lakini kila nilipokwenda kisimani niliwaambia wanawake neno moja tu: Nyamhanga anasimama. Sikusema amesimamishwaje. Nilikuwa na wazo la kijinga, au pengine halikuwa la kijinga, kwamba mtu akiona wenzake wamemwamini atakuwa yule waliyemwamini. Na mimi nilimjua mume wangu. Siku moja, upepo ukipindua mitumbwi pale Bukima, nilimwona akirudi majini kumfuata mtu asiye hata wa ukoo wake. Mtu wa namna hiyo, nikajiambia, ataogopa nini nchi kavu?

Mgeni alikuwa kijana wa suti ya Kaunda, mwembamba, mwenye adabu. Alisimama akatazama mistari miwili, mmoja mfupi na mwingine uliopotea nyuma ya vyoo, akatabasamu. Nadhani alifurahi kwa dhati.

"Hapa naona hata kuhesabu hakuna haja," alisema.

Ndipo Pastory alipomwinamia Nyamhanga sikioni. Baadaye nilikuja kujua alichomwambia: "Umesahau tulivyokubaliana?" Basi. Kwa miaka mingi nimetamani kusema kulikuwa na bunduki, au pingu, au gari lililowashwa likimsubiri. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na maneno hayo, na mtu aliyeyasema alikuwa amekula kwetu.

Nyamhanga akakohoa.

"Ndugu wananchi," alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, "mimi nilisimama kukamilisha taratibu. Najitoa. Ndugu Keraryo ana uzoefu. Naomba mhamie upande wake, tumalize kwa umoja."

Kijana wa Musoma aliacha kutabasamu. "Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

Mzee Wanzagi, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, aliuliza kwa nguvu, "Amesemaje?" Mtu akamweleza kwa lugha ya nyumbani. Mzee akatema mate, akashika njia ya kwake. Ni yeye peke yake aliyeondoka. Sisi wengine tulianza kuvuka uwanja, mmoja mmoja, kisha makundi makundi, tukitembea kama watu wanaopita msibani bila kumjua marehemu. Keraryo alitupokea kwa majina. "Karibu, mama Robi. Karibu, Mbuke." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila aliyekuja alikuwa ameonekana alikotoka.

Tukaambiwa tupige makofi. Nilipiga.

Bomba lilipokuja, lilifika kwa Keraryo na nduguze likaishia hapo. Nyamhanga alipewa ujumbe katika kamati ya kupanda miti. Watu waliendelea kumsalimu vizuri, na nadhani salamu hizo zilimuumiza kuliko matusi. Akaanza kupita njia za nyuma.

Siku hizi tunapigia kura kwenye kijichumba, kila mtu na siri yake. Mjukuu wangu ananiambia hana haja ya kwenda, mshindi hujulikana mapema. Najua tu kwamba mara moja niliiona kura ikiwa na uzito wake kamili, na mtu mzima asiyeogopa ziwa akashindwa kuibeba.

Baada ya siku ile ya mistari, Mbuke alinikwepa majuma mengi. Tulikuja kukutana kisimani asubuhi moja, sisi wawili tu, na nikaanza maneno niliyokuwa nimeyaandaa: kwamba aliniamini bure, kwamba nilijua Nyamhanga amepangwa nikanyamaza.

"Tulijua," alisema Mbuke.

"Mlijua nini?"

"Kwamba amepangwa. Pastory alikuwa anachekaga nalo kilabuni kila siku. Kijiji kizima tulijua."

"Sasa mbona mlisimama nyuma yake?"

Alijaza debe lake kwanza. Aliweka majani juu ya maji yasimwagike.

"Tulisema akituona tulivyo wengi, atabadilika," alisema. "Tulikuwa tunamngoja, mama Robi."

Akanisaidia kujitwisha ndoo, akanishika kiwiko mpaka niliposimama sawasawa.

Nyumbani nilimkuta Nyamhanga uani akichonga mpini wa jembe. Hakuinua macho.

"Umeonana na Mbuke?"

"Tumeonana."

Kisu kilisimama. "Anasemaje?"

Nilitua ndoo polepole. Nilimtazama kisogoni, pale ambapo nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi mwaka huo.

"Hana neno," nikamwambia, nikaingia jikoni kuwasha moto.