Vidole Viwili vya Maji

Siku ya Watakatifu Wote, saa kumi alasiri, nilibonyeza kengele ya nyumba niliyozaliwa. Sikuwahi kuibonyeza. Kwa miaka hamsini na tatu nimeingia mlango ule kwa ufunguo, au kwa kumwita mama tangu ngazini, na sasa nilisimama pale kama mchuuzi wa mafagio, nikingoja mwanamume nisiyemjua anifungulie.

Kosa lilikuwa langu. Mama alifariki mwezi Machi. Kufika Mei, mimi na kaka yangu Duilio tulikuwa tumeshaipaka nyumba rangi nyeupe, tumenunua kochi la kijivu na bilauri sita zinazofanana, na kuitangaza mtandaoni: nyumba ya likizo yenye samani zote, Mji wa Juu wa Bergamo, hatua chache kutoka uwanja mkuu. Wageni hujifungulia kwa namba ya siri, hulala, huondoka. Mimi huja kubadilisha shuka. Tangu Mei nilikuwa sijauona uso wa hata mmoja. Sikulia mazishini, wala sikulia nilipokuwa nikizitia nguo za mama kwenye mifuko. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Ndani hamkuwa na kitu cha kukaza.

Asubuhi ile Bi Pierina, jirani wa chini, alinikuta ngazini nikipanga taka za wageni.

"Ornella, maji ya mama yako utayaweka saa ngapi?"

"Nyumba ina mgeni, Bi Pierina. Mholanzi. Anaondoka kesho."

"Leo? Jioni ya wafu kurudi makwao, wewe umeweka Mholanzi?"

"Nilisahau. Tarehe zilijaa zenyewe."

"Zilijaa zenyewe! Kalenda ina mikono?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, mama yako Zita akifika abishe hodi kwa Kiholanzi." Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akaingia kwake bila kuaga.

Kwetu, jioni ya kuamkia Siku ya Marehemu, huachwa jagi la maji safi jikoni. Wafu hutoka mbali na hufika na kiu. Nilipokuwa mdogo, asubuhi mama alinivuta mkono mpaka mezani, akaweka vidole vyake kwenye jagi, chini ya ukingo. "Tazama, babu yako amekunywa vidole viwili!" Nami nilifurahi siku nzima. Mwaka nilipotimiza miaka tisa niliamka kabla hajaniita, nikamwona amesimama pekupeku jikoni, jagi mdomoni. Alikunywa, akapima kwa vidole, akanywa tena kidogo. Nilirudi kitandani kimyakimya, na aliponiita nikashangaa vizuri kuliko miaka yote. Siri ile hatukuizungumza kamwe.

Mwezi Februari, hospitalini, sauti ikiwa imebaki uzi tu, aliniambia, "Usisahau maji yangu." Nikajibu, "Sawa, mama," kama mtu aliyeagizwa mkate.

Ahadi hiyo moja ndiyo iliyonisimamisha mlangoni. Nilikuwa na uongo wangu tayari, kwamba nimekuja kukagua radieta, kile chuma cha ukutani cha kupasha nyumba joto.

Aliyefungua alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu za mvi, amevaa soksi tu. Aliitwa Wouter, dereva wa tramu mstaafu, na Kiitaliano chake kilikwenda kwa kusimamasimama kama tramu yenyewe.

"Radieta nzima," alisema. "Inaunguza. Ingia, ingia, karibu."

Akanikaribisha kwetu. Akanivutia kiti, akaniwekea kahawa, akaniuliza kama natumia sukari. Nilikaa mahali wanapokaa wageni, mgongo kwa dirisha, nikaikagua radieta kwa macho. Kisha nikainuka, nikatoa jagi kabatini, nikalijaza mpaka ukingoni, nikaliweka mezani.

"Haya ni ya nini?"

"Mabomba," nikasema. "Mabomba ya zamani. Maji lazima..." Uongo wa pili ukanikwama. "Ni ya mama yangu. Amekufa. Kwetu, usiku huu wanarudi. Tafadhali usiyaguse. Najua umelipia nyumba."

Nilingoja acheke. Yeye alilitazama jagi kama mtu anayetazama ratiba ya safari.

"Na bilauri?" akauliza. "Anywe kwa mkono?"

Akaenda kabatini mwenyewe, akaleta moja ya zile sita. Niliishika. Ilikuwa nyepesi, safi, haina hatia yoyote. Mama alikuwa na bilauri yake, nene, iliyotoka dukani ikiwa na haradali ndani, imemeguka kidogo upande mmoja. Alinywea hiyo kwa miaka thelathini, akigeuza daima upande mzima uelekee mdomoni. Niliitupa mwezi Mei kwa sababu haikufanana na nyingine.

"Hii haimjui," nikasema.

"Basi tuiache," alisema Wouter, akairudisha.

Kesho yake saa nne nilimkuta amekwisha vaa koti, sanduku liko miguuni. Wageni wengine hufunga mlango na kwenda zao. Huyu alikuwa ananisubiri.

"Sikuyagusa," alisema haraka. "Hata kahawa sikupika. Meno nimepigia mswaki bafuni." Kisha akainamisha kichwa. "Lakini samahani, signora. Nimetazama asubuhi. Yamebaki vilevile."

Aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mama mlangoni. Nilimshukuru, tukapeana mikono, akashuka.

Nilibaki peke yangu na jagi. Maji yalikuwa yamefika ukingoni kabisa, yametulia, hayakupungua hata tone. Nilivua viatu, sijui kwa nini. Sakafu ilikuwa baridi. Nikalishika jagi kwa mikono miwili, nikanywa. Yalikuwa na uvuguvugu na ladha ya bomba. Nikaweka vidole chini ya ukingo, nikapima: kimoja na nusu. Nikanywa tena. Nililia. Nililia kwa sauti, jagi limenikaa kifuani, maji yakinimwagikia shingoni, nikamwita mama kama nilivyokuwa nikimwita tangu ngazini.

Niliposhuka, Bi Pierina alikuwa akifunga mlango wake kwenda makaburini, amekumbatia maua ya krisanthemu.

"Vipi?" akauliza. "Amekunywa?"

"Amekunywa," nikasema. "Vidole viwili."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akahamishia maua kwenye mkono mmoja, akatoa leso mfukoni.

"Futa kidevu, mwanangu," alisema. "Nje kuna baridi."